Barabara ya Brooks

Ukitoka Calgary, jimbo la Alberta nchini Kanada, ukashika barabara kuu ya Trans-Canada kuelekea kusini-mashariki, utapita nyika tambarare mpaka ufike mji wa Brooks, mwendo wa kilomita 190 hivi. Mji una watu wapatao 15,000. Riziki ya wengi inatoka kiwanda cha nyama kilichojulikana miaka mingi kwa jina la Lakeside, miongoni mwa vikubwa kabisa nchini humo. Tangu miaka ya 1990 kiwanda hicho kimevuta wafanyakazi kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia na kwingineko, wengi wao wakimbizi. Mwaka 2005 waligoma kwa zaidi ya wiki tatu wakidai mkataba wa kwanza wa chama chao, na Waafrika walikuwa wengi katika mstari wa mgomo.

Ukiendelea na barabara hiyo hiyo kilomita mia na kidogo utafika Medicine Hat, mji mkubwa zaidi wenye timu kubwa zaidi ya mpira wa magongo wa barafuni. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya kijana aliyetakiwa Medicine Hat, akaamua kushukia Brooks.

Cale Makar alizaliwa Calgary tarehe 30 Oktoba 1998. Alicheza beki, na alikuwa mdogo wa umbo. Nchini Kanada mtoto wa miaka 14 anayecheza vizuri huingizwa katika uteuzi wa vijana: klabu za ligi ya WHL, ligi kuu ya vijana ya magharibi, hupokezana zamu na kuchagua majina. Mwaka 2013 Medicine Hat Tigers walimchagua Makar akiwa wa 149. Maana yake majina 148 yalisomwa kabla ya lake. Kwa beki mwenye mwili mwepesi halikuwa jambo la ajabu. Kazi ya beki katika fikra za makocha wengi wa wakati huo ilikuwa kusukumana na watu wazito mbele ya goli, na mtoto mwembamba hakuonekana kuwa na kifua cha kazi hiyo.

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na bila kuielewa huwezi kuielewa safari yote. WHL ni moja ya ligi tatu za ngazi ya juu ya vijana nchini Kanada. Wachezaji wake hupewa posho, na baadhi yao huwa wameshatia saini mikataba na klabu za ligi ya kulipwa ya NHL. Kwa sababu hiyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kiliwahesabu wote kuwa wachezaji wa kulipwa. Kijana aliyecheza WHL alijifungia mlango wa vyuo vya Marekani. Alikuwa na haki ya kulipiwa masomo na ligi, na wengi waliokosa nafasi NHL walirudi kusoma na kuchezea vyuo vya Kanada kwenyewe. Lakini Boston, Michigan, Denver na vyuo vingine vya upande wa pili wa mpaka havikuwa vyake tena. Aliyetaka kwenda huko ilimbidi ashuke ngazi moja, acheze ligi ya daraja linaloitwa Junior A kama AJHL ya Alberta, bila posho na bila sifa nyingi. Kijana wa miaka 15 au 16, ambaye hajamaliza sekondari, ndiye aliyetakiwa kukata shauri hilo.

Makar akachagua AJHL. Akaenda kuchezea Brooks Bandits.

Najua wasomaji wengi wa Kiswahili hawajauona mchezo huu kwa macho, ingawa si mgeni kabisa kwetu. Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa, katika jengo la Panari, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walialikwa Kanada na kampuni moja ya kahawa, wakavalishwa vifaa kamili, kisha wakashangaa kuwaona nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiingia kuwa wachezaji wenzao. Jina la MacKinnon litarudi katika habari hii. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huu, IIHF.

Kwa ufupi basi: kila upande una wachezaji watano na kipa, wote wamevaa viatu vyenye chuma cha kukatia barafu, wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo. Mabeki ni wawili. Mshambuliaji hukimbia akitazama mbele. Beki hutumia nusu ya mchezo akikimbia kinyumenyume, macho kwa adui anayemjia, gongo limetangulizwa kuziba njia ya pasi. Anapokipata kisahani nyuma ya goli lake huwa na chini ya sekunde mbili za kuamua: ampe nani, apite wapi, au abebe mwenyewe. Makosa ya mshambuliaji husahaulika, lakini kosa la beki huandikwa ubaoni. Ndiyo maana mabeki hukomaa polepole kuliko wengine, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, miaka ya Brooks ilimfaa Makar kuliko posho yoyote ya WHL.

Kwa kuwa hapo alicheza sana. Kocha Ryan Papaioannou hakumkataza kupanda na kisahani. Msimu wa 2015-16, wa kwanza wake kamili, alicheza mechi 54, akafunga mabao 10 na kutoa pasi za mabao 45. Msimu uliofuata, mechi 54 tena, mabao 24 na pasi 51. Ni jumla ya 75, na huyo ni beki. Bandits walitwaa ubingwa wa AJHL misimu yote miwili, na mwaka 2017 Makar akatajwa mchezaji bora wa Junior A kwa Kanada nzima. Mei mwaka huo walifika fainali ya taifa iliyochezwa Cobourg, Ontario, dhidi ya wenyeji. Wakafungwa 3-2 katika muda wa nyongeza. Makar alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, akiwa upande ulioshindwa. Hali hiyo ilikuja kumrudia miaka miwili baadaye, mbele ya watu wengi zaidi.

Wakati akiyafanya hayo, chuo alichokiahidi kilikuwa kinazama.

Chuo Kikuu cha Massachusetts kiko Amherst, mji mdogo wa magharibi ya jimbo hilo. Timu yake ya hoki ya barafuni ilikuwa na historia ya mashaka: ilivunjwa mwaka 1979, ikafufuliwa mwaka 1993 pamoja na kufunguliwa kwa ukumbi wa Mullins Center unaoingiza watu zaidi ya 8,000. Mara moja tu, mwaka 2007, ilikuwa imefika mashindano ya taifa. Makar alitoa ahadi ya kujiunga nayo wakati kocha alikuwa John Micheletto. Mwaka 2016 Micheletto akaondolewa, akaja Greg Carvel kutoka chuo cha St. Lawrence. Katika msimu wa kwanza wa Carvel, 2016-17, timu ilicheza mechi 36. Ilishinda 5, ikatoka sare 2, ikafungwa 29.

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Kijana yuko Brooks, timu yake inashinda karibu kila juma, jina lake linapanda kila mwezi. Kocha aliyemwita chuoni ameshaondoka, kwa hiyo hakuna ambaye angemlaumu kwa kubadili nia. Vyuo vikubwa vyenye makombe kabatini vingempokea kwa mikono miwili. Na kila wikiendi matokeo ya Amherst yanakuja: wamefungwa, wamefungwa, wamefungwa tena. Makar hakuhama. Mimi naliona hilo kuwa tendo kubwa kuliko bao lolote alilofunga mwaka huo. Neno alilolitoa akiwa mtoto alilishika alipokuwa na kila sababu ya kuliacha.

Tarehe 23 Juni 2017 ulifanyika uteuzi wa NHL jijini Chicago, katika ukumbi wa United Center. Colorado Avalanche, klabu ya Denver, ilikuwa imemaliza msimu ikiwa ya mwisho kabisa katika ligi kwa pointi 48, na ilitarajia kuchagua wa kwanza. Lakini nafasi za juu hupigiwa bahati nasibu, na bahati ikawakimbia, wakashushwa hadi nafasi ya nne. Mashabiki wao waliumia sana. Wakachaguliwa Nico Hischier, Nolan Patrick na Miro Heiskanen, kisha Avalanche wakamtaja Makar. Yule wa 149 wa mwaka 2013 sasa akawa wa 4 wa dunia, na hakuna mchezaji aliyewahi kuchukuliwa juu kiasi hicho moja kwa moja kutoka AJHL. Huzuni ya Denver ya ile bahati nasibu, ukiitazama leo, iligeuka neema.

Mwaka wake wa kwanza chuoni haukuwa wa maajabu. Mechi 34, mabao 5, pasi 16. Timu ilishinda mechi 17, zaidi ya mara tatu ya msimu uliotangulia, lakini ilifungwa 20. Carvel alikuwa anamfundisha upande wa pili wa kazi: kusimama mahali pake, kufunga njia, kujua lini asipande. Katikati ya msimu, Januari 2018, Makar aliichezea Kanada katika Kombe la Dunia la Vijana mjini Buffalo, New York. Katika mechi 7 alipata mabao 3 na pasi 5, Kanada ikaifunga Uswidi 3-1 katika fainali, naye akaingizwa katika kikosi bora cha mashindano.

Aprili mwaka huo Avalanche, ambao sasa walikuwa wamefufuka na kufuzu mechi za mtoano dhidi ya Nashville, walitaka kumsajili. Mabeki wao walikuwa majeruhi. Kwa vijana wengi simu ya namna hiyo ndiyo mwisho wa shule: mkataba, mamilioni ya dola, ndoto ya utotoni. Makar, akiwa na miaka 19, alijibu kuwa bado hajawa tayari. Akarudi Amherst.

Msimu wa 2018-19 ndio uliomjengea jina. Alicheza mechi 41, akafunga 16, akatoa pasi 33. Desemba timu ya Massachusetts iliwekwa nafasi ya kwanza kitaifa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ikatwaa ubingwa wa msimu wa ligi ya Hockey East, nao kwa mara ya kwanza. Ikamaliza mwaka kwa kushinda mechi 31 na kufungwa 10, miaka miwili tu baada ya ule msimu wa kushinda mechi tano.

Lakini takwimu hazikuonyeshi alivyokuwa akicheza. Beki akiwa na kisahani kwenye mstari wa buluu, ule unaotenga eneo la mashambulizi, kawaida huwa na mambo mawili ya kufanya: apige golini haraka au arudishe pasi kabla hajafikiwa. Makar alimngojea adui. Alimwacha amsogelee mpaka gongo lake likakaribia kisahani, kisha akainamisha bega upande mmoja kana kwamba anakwenda huko. Adui akihamisha uzito wake, Makar alikuwa ameshageuka kwa ncha ya chuma cha kiatu, magoti yamekunjwa, anateleza pembeni sambamba na mstari bila kuuvuka. Mtu aliyetumwa kumzuia alibaki nyuma akitafuta mizani, na mbele njia ilikuwa wazi. Ule wepesi uliomshusha akiwa mtoto ndio uliokuwa silaha yake.

Katika mashindano ya taifa wakaifunga Harvard 4-0. Harvard walikuwa na Adam Fox, beki mwingine, aliyekuwa pamoja na Makar miongoni mwa watatu wa mwisho waliowania tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Wakaifunga Notre Dame 4-0. Wakafika wanne bora, Buffalo, mji ule ule alikopata dhahabu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa siku, nami nitayahesabu kwa siku. Alhamisi tarehe 11 Aprili 2019, nusu fainali dhidi ya Denver iliingia muda wa nyongeza, na Marc Del Gaizo, beki wa mwaka wa kwanza, akaimaliza 4-3. Ijumaa tarehe 12, Makar alitangazwa mshindi wa tuzo hiyo ya mchezaji bora wa vyuo, iitwayo Hobey Baker, mchezaji wa kwanza wa chuo chake kuipata. Tuzo hiyo hutolewa tangu 1981 na hubeba jina la mwanafunzi wa Princeton aliyekuwa nyota wa mchezo huu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaenda Ufaransa kuwa rubani, na akafa Desemba 1918, vita vikiwa vimekwisha, alipokuwa akiijaribu ndege iliyotoka matengenezo.

Jumamosi tarehe 13 ilikuwa fainali. Minnesota Duluth, mabingwa watetezi, walikuwa na timu ya watu wazima waliozoea usiku kama ule. Waliziba katikati, wakamnyima Makar nafasi ya kukimbia, na Massachusetts haikupata hata bao moja. 3-0. Kama Cobourg, tuzo ya mtu mmoja ilikuwa mkononi na kombe la wote likaondoka na wengine.

Jumapili alitia saini mkataba na Avalanche. Jumatatu tarehe 15, saa zisizozidi 48 tangu afungwe Buffalo, alikuwa Denver amevaa jezi ya klabu ya kulipwa, mechi ya tatu ya mtoano. Na wapinzani walikuwa Calgary Flames, timu ya mji aliozaliwa. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya NHL. MacKinnon, yule wa Ice Lions, alikuwa ameshawafunga Calgary mabao mawili. Kisha, katika dakika ya 17 ya kipindi cha kwanza, Makar alipanda na shambulizi, akapata kisahani mbele ya kipa Mike Smith, akapiga. Bao. Hakuna beki aliyewahi kufunga bao lake la kwanza la NHL katika mechi ya kwanza kabisa iliyokuwa ya mtoano. Avalanche walishinda 6-2, na baadaye wakawatoa Calgary.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wafuatiliaji wa mchezo huu, kwa hiyo nitayapita haraka. Mwaka 2020 alikuwa chipukizi bora wa ligi. Januari 2022 alirudi United Center, Chicago, ukumbi alimoteuliwa, na katika muda wa nyongeza akajizungusha mbele ya mpinzani wake Kirby Dach akamwacha amesimama, akamalizia kwa upande wa nyuma wa gongo juu ya kipa Marc-André Fleury. Ukitaka kumjua Makar kwa sekunde tano, tafuta bao hilo. Juni mwaka huo Avalanche walitwaa Kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, naye akawa beki bora wa msimu na mchezaji bora wa mtoano kwa pamoja. Kabla yake ni Bobby Orr na Nicklas Lidström pekee waliounganisha tuzo hizo mbili katika mwaka mmoja. Msimu wa 2024-25 alifunga mabao 30, idadi ambayo beki hakuwa ameifikia tangu Mike Green msimu wa 2008-09.

Waliobaki Amherst hawakukata tamaa. Tarehe 10 Aprili 2021, mjini Pittsburgh, Massachusetts iliifunga St. Cloud State 5-0 na kutwaa ubingwa wa taifa wa kwanza katika historia yake, baada ya kuwatoa Minnesota Duluth wale wale katika nusu fainali. Del Gaizo alikuwepo. Makar hakuwepo, lakini sioni namna ya kuisimulia historia ya kombe lile bila kuanza na kijana aliyekataa kuikimbia timu iliyoshinda mechi tano tu.

Na ile njia panda ya barabara ya Trans-Canada? Novemba 2024 NCAA ilipiga kura kuondoa marufuku, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 aliyecheza WHL anaruhusiwa kuingia chuo cha Marekani. Ninaiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Haikuwa haki kumtaka mtoto wa miaka 15 afunge mlango wa chuo kikuu kwa sababu ya posho ya mwezi. Lakini sasa klabu za Junior A zitapigania vijana kwa shida zaidi, kwa kuwa mwenye kipaji hana tena sababu ya lazima ya kushuka ngazi na kuzichagua. Brooks Bandits wenyewe walitoka AJHL mwaka 2024 wakajiunga na ligi ya British Columbia. Tangu Makar aondoke wametwaa ubingwa wa taifa mara tatu: 2019, 2022 na 2023. Bado wanacheza Brooks, kilomita mia na kidogo kabla ya Medicine Hat.